Anza na maji, kisha ufupishe ushoroba

Ndugu, umeeleza kwamba unajijengea nyumba ya vyumba 3 vya kulala, na kwamba mchoro wako umeweka jiko upande mmoja na bafu upande wa pili, huku ushoroba wa mita 8 ukipita katikati. Ningekushauri uanze na maji. Jiko, bafu na choo vikikaribiana, au vikitumia ukuta mmoja, mabomba huwa mafupi, mteremko wa maji machafu hupatikana bila kuchimba sana, na siku bomba litakapoziba utajua pa kutafuta.

Ushoroba ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Ukiwa na upana wa mita 1.2 unameza karibu mita 10 za mraba, yaani eneo linalotosha chumba kizima cha kulala, nalo utalijengea msingi, sakafu na paa kama eneo lingine lolote. Ufupishe kwa kufanya milango ya vyumba ifungukie ukumbi mdogo nyuma ya sebule, lakini usiupunguze upana, kwa sababu makabati yatapita hapo, na huenda siku moja kiti cha magurudumu.

Madirisha yakae kwenye kuta mbili za chumba inapowezekana, ili hewa ipite.

Kabla fundi hajachimba msingi, tandaza mchoro huo ardhini kwa vigingi na kamba, kwa vipimo halisi, kisha wewe na familia mtembee ndani yake, mkipima nafasi ya kila kitanda na mlango unavyofunguka. Kuhamisha kamba ni kazi ya dakika chache.