Maswali ya wasomaji: Nimeokoka kwa imani, mbona bado nahesabu?

Barua nyingi za mwezi huu zinagusa jambo moja: mtu anaokolewa kwa kumwamini Kristo au kwa kutimiza masharti? Tumechagua tano. Mistari tuliyonukuu ni ya Biblia ya Union Version.

Bwana Yesu asifiwe. Niliokoka nikiwa kidato cha pili. Nina daftari ninaloandika kila siku: maombi ya saa kumi alfajiri, kufunga Jumatano na Ijumaa, sura nilizosoma, zaka, mkesha. Nikikosa siku moja tu naona Mungu amenipa kisogo. Mhubiri yeyote akiita watu mbele, naenda tena kuongozwa sala ya toba. Je, nimeokoka kweli? – Mama mwimbaji wa kwaya, Njombe

Asifiwe milele, dada. Tuanze na hilo daftari, maana Farisayo mwenye hesabu kama zako yumo katika Luka 18:9-14. Anasema: "Mimi nafunga mara mbili kwa juma, hutoa zaka katika mapato yangu yote." Torati iliagiza siku moja tu ya kujitesa nafsi kwa mwaka, siku ya 10 ya mwezi wa 7 (Walawi 16:29). Yeye kwa mwaka alifunga zaidi ya mara 100. Yesu hasemi kwamba alidanganya. Hesabu ilikuwa sahihi, na kufunga si kosa. Aliharibu pale alipoileta hesabu hiyo mbele za Mungu kuwa ndiyo haki yake. Mtoza ushuru aliyesimama mbali hakuwa na cha kuleta. Alijipigapiga kifua akasema, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi," na huyo ndiye aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki.

Utasema wewe hujisifu kama yule Farisayo, unajihukumu tu. Ni kweli, na tunakuonea huruma. Lakini kipimo mnachotumia ni kimoja. Ukurasa ukijaa unalala kwa amani, usipojaa unalala umepotea, na siku zote mbili unatazama ukurasa. Paulo anaeleza kinachotokea mtu akimwendea Mungu hivyo: "Kwa mtu afanyaye kazi, ujira wake hauhesabiwi kuwa ni neema, bali kuwa ni deni" (Warumi 4:4). Kibarua akimaliza wiki anadai chake, na asipofika kazini hana cha kudai. Mtoto wa nyumba hafagii uwanja ili awe mtoto wa pale. Anafagia kwa kuwa ni kwao. Akilala asubuhi moja bila kufagia atakemewa, pengine atachapwa, lakini jina lake halibadiliki.

Utaratibu huu haukuanza na Paulo. Fungua Kutoka. Damu ya mwana-kondoo ilipakwa milangoni katika sura ya 12, bahari wakaivuka sura ya 14, na Amri Kumi zikaja sura ya 20, baada ya kufika Sinai mwezi wa 3 tangu watoke Misri. Hata pale, kabla ya amri ya kwanza, Mungu anatangulia kusema: "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa." Hakuwaambia watumwa washike amri kwanza ndipo awatoe. Ukiligeuza hilo, ukaweka sura ya 20 mbele ya ya 12, unabaki na dini ya hofu hata kama maneno yote ni ya Biblia.

Sasa, imani yenyewe ni nini? Walimu wa Matengenezo ya Kanisa, ile harakati ya karne ya 16 iliyozaa makanisa ya Kiprotestanti, walizoea kuitaja kwa sehemu tatu: kujua habari za Kristo, kukubali kwamba ni kweli, na kumtegemea yeye kwa ajili yako mwenyewe. Mbili za kwanza hazitoshi. Yakobo 2:19 anasema mashetani nao waamini na kutetemeka. Ya tatu ndiyo wengi wanayokwama, kwa sababu wanaanza kuipima: "Je, nimeamini vya kutosha?" Hapo imani imeshageuzwa kuwa tendo jingine la kuandika daftarini. Baba wa yule kijana katika Marko 9:24 alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mwanawe akaponywa na imani hiyo hiyo yenye upungufu. Nguvu haikuwa katika ukubwa wa imani yake, ilikuwa kwa Yesu aliyeendewa.

Tunakushauri hivi. Usiende mbele tena kuokoka upya kwa sababu ya kukosa mfungo au kwa dhambi ya juzi. Kwa aliyekwisha kuamini liko andiko lake: "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu" (1 Yohana 1:9). Barua hiyo iliandikwa kwa waumini. Taja dhambi kwa jina lake, usiseme tu "unisamehe yote". Kama umemkosea mtu, nenda kwake. Kama umechukua chake, rudisha. Kisha ondoka hapo ukiwa umesamehewa, bila kungoja kusikia mwili ukisisimka. Daftari lifunge kwa mwezi mzima. Endelea kuomba na kusoma, ila usiandike. Kufunga nako endelea ukitaka, isipokuwa kama una mimba, unanyonyesha au unatumia dawa za kisukari. Hapo ongea na daktari kwanza, na ukiambiwa usifunge, usifunge, wala usijione umepungukiwa.

Na Waraka kwa Wagalatia usome kwa mkao mmoja, kwa sauti. Ni sura 6 tu, aya 149. Kila unapokuta wale watu wanaongezewa sharti, weka alama: meza ya kula (2:12), siku na miezi (4:10), tohara (5:2). Ukifika 2:21 tua hapo: "Ikiwa haki hupatikana kwa njia ya sheria, basi Kristo alikufa bure." Hofu ikiendelea kukukosesha usingizi hata baada ya haya, mwone mchungaji wako faraghani, na mhudumu wa afya pia. Kuna hofu za aina hii ambazo ni ugonjwa, na zina matibabu.

Nafundisha vijana wa kipaimara. Mmoja ameniwekea Warumi 3:28 na Yakobo 2:24 ubavu kwa ubavu, darasa zima likanitazama. Nimjibu nini? – Mwalimu, Moshi

Mpongeze kwanza, amesoma. Warumi 3:28 yasema mwanadamu huhesabiwa haki "kwa imani pasipo matendo ya sheria". Yakobo 2:24 yasema huhesabiwa haki "kwa matendo yake, si kwa imani peke yake". Usijaribu kuupooza mmoja ili mwingine upite. Mweleze kijana kwamba wote wawili wanamtaja Abrahamu, kisha waambie vijana wafungue Mwanzo na kuandika umri wake ubaoni.

Alitoka Harani akiwa na miaka 75 (12:4). Ishmaeli alizaliwa akiwa na 86 (16:16). Alitahiriwa akiwa na 99 (17:24). Sasa, "Akamwamini BWANA, naye akamhesabia jambo hili kuwa haki" iko 15:6, kabla Ishmaeli hajazaliwa. Kwa hiyo alihesabiwa haki si chini ya miaka 13 kabla ya kutahiriwa, na Torati ilikuwa bado karne nyingi mbele. Paulo anasimama hapo hasa, sura ya 15, na Warumi 4:10 anauliza waziwazi: kabla ya kutahiriwa au baada? Yakobo anasimama sura ya 22, Isaka akiwa juu ya madhabahu, mvulana anayeweza kubeba kuni mlimani. Ni miaka mingi baadaye. Yakobo anasema siku ile andiko la sura ya 15 "likatimizwa": kile Abrahamu alichoamini gizani chini ya nyota kikaonekana mchana.

Wanapambana pia na watu wawili tofauti. Wa Paulo anataka Mataifa, yaani wasio Wayahudi, watahiriwe ndipo wahesabiwe ni watu wa Mungu. Wa Yakobo anamwona ndugu hana nguo wala chakula, anamwambia nenda kwa amani, ukaote moto na kushiba, halafu hampi kitu (2:15-16). Ungempeleka Paulo mbele ya huyu wa pili angemkemea vilevile. Ndiye aliyeandika habari za "imani itendayo kazi kwa upendo" (Wagalatia 5:6).

Vijana wakiuliza kuhusu Martin Luther, aliyeanzisha Matengenezo ya Kanisa, usiwafiche. Katika utangulizi wa Agano Jipya lake la mwaka 1522 aliuita waraka wa Yakobo wa majani makavu ukilinganishwa na nyaraka nyingine. Hata hivyo aliutafsiri wote na kuuacha ndani ya Biblia yake. Sisi tunaona alikosea kuudharau. Kanisa linalohubiri Warumi bila Yakobo huzaa watu waliookoka wasiolipa mishahara ya wasichana wa kazi.

Jambo moja zaidi la darasani. Waefeso 2:8-9 wengi wanaikariri, wanaishia "mtu awaye yote asije akajisifu". Wakaririshe na aya ya 10: "Maana tu kazi yake, tuliumbwa katika Kristo Yesu, tutende matendo mema." Ukikata hapo kati, kijana anaondoka na nusu ya fundisho, na ni ile nusu anayoitaka.

Mtumishi mmoja wa mtandaoni ameniambia wokovu wangu umefungwa na madhabahu za ukoo, nitume sadaka ya mbegu kwa namba ya lipa ili afungue. Nina ada ya chuo ya muhula huu tu. – Kijana, Mombasa

Usitume. Lipa ada.

Simoni wa Samaria aliwatolea mitume fedha apate uwezo wa Roho Mtakatifu, na Petro akamjibu: "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali" (Matendo 8:20). Kanisa limewahi kuugua ugonjwa huu hadharani. Miaka ya 1510 huko Ujerumani, mhubiri Johann Tetzel alizunguka akitoa kwa fedha hati za rehema, yaani hati za kuondolewa adhabu ya dhambi, na sehemu ya fedha hizo ilikwenda kujenga Kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma. Watu waliamini sarafu ikilia ndani ya kasha, roho inatoka toharani, mahali pa kutakaswa baada ya kufa. Tarehe 31 Oktoba 1517 Martin Luther alitoa hoja 95 dhidi ya mafundisho hayo. Hoja ya 36 yasema Mkristo aliyetubu kweli anao msamaha kamili hata bila hati. Hoja ya 43 yasema kumpa maskini ni bora kuliko kununua hati. Na Roma yenyewe, chini ya Papa Pius V mwaka 1567, ilifuta rehema zilizoambatana na malipo.

Sadaka ni njema, na ina alama zake: hutolewa "si kwa huzuni, wala si kwa lazima" (2 Wakorintho 9:7). Ukitishwa laana usipotuma, au ukipewa kiwango na saa ya mwisho, ujue hiyo ni biashara. Kama umeshatuma, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako mara moja uombe muamala urudishwe. Kadiri unavyochelewa ndivyo fedha inavyotolewa upande wa pili. Na kuhusu madhabahu za ukoo: aliye ndani ya Kristo hafunguliwi kwa awamu.

Mume wangu ni Mkatoliki, mimi Mlutheri. Mama mkwe anasema sisi Walutheri tunafundisha kutenda dhambi, na mama yangu anasema Wakatoliki wanajiokoa wenyewe. – Bukoba

Wote wawili hawajatendeana haki. Mtaguso wa Trento wenyewe, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, mwaka 1547, ulimlaani anayesema mtu aweza kuhesabiwa haki kwa matendo yake bila neema ya Kristo. Na swali la mama mkwe wako Paulo aliulizwa zamani, tudumu katika dhambi ili neema izidi? Jibu lake ni "Hasha!" (Warumi 6:2).

Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni, ambalo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ni mwanachama wake, walitia sahihi tamko la pamoja kwamba tunapokelewa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, si kwa stahili yoyote yetu, nasi tunapokea Roho anayetuwezesha kutenda mema. Wamethodisti walijiunga nalo mwaka 2006, makanisa ya Kireformati mwaka 2017. Toharani, rehema na mamlaka ya Papa bado ni tofauti za kweli, msizifunike. Lakini juu ya swali lenu hili mnaweza kusali meza moja.

Baba alifariki akiwa hajalipa ahadi ya jengo miaka miwili. Wazee wa kanisa wakakataa kumzika. Je, hakuokoka? – Mbeya

Pole sana kwa msiba. Kadi ya bahasha haina neno la kusema juu ya wokovu wa baba yako. Yule mhalifu msalabani hakuwa na kadi, hakubatizwa, hakupata hata siku moja ya kutenda mema, na aliambiwa "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi" (Luka 23:43).

Kumzika ni suala la nidhamu na taratibu za usharika, na taratibu zina mipaka. Omba kuonyeshwa kifungu cha katiba kilichotumika. Mara nyingi kifungu kinahusu mtu aliyejitenga na kanisa kwa hiari, si aliyeshindwa kulipa kwa maradhi au kukosa kipato. Kama hakipo au kimetumiwa vibaya, andika barua fupi kwa mchungaji, nakala kwa ngazi iliyo juu ya usharika, ueleze hali ya baba miaka ile miwili. Omba ibada ya kumbukumbu kaburini; hiyo inaweza kufanyika hata sasa, na mchungaji mwenye moyo ataikubali.