Jibu: Je, Waziri wa Ulinzi ndiye anayeamuru jeshi?

Ndugu, umeuliza kama Waziri wa Ulinzi wa Tanzania anaweza kuamuru kikosi kiondoke kambini. Hawezi, kwa sababu Amiri Jeshi Mkuu ni Rais, na amri za kijeshi hushuka kutoka kwake kupitia Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi hadi kwa makamanda. Waziri anasimamia sera, anapeleka miswada na makadirio ya fedha Bungeni na kujibu maswali ya wabunge, huku Katibu Mkuu wa Wizara, ambaye ndiye afisa masuuli, akiwajibika kwa matumizi ya fedha.

Mgawanyo huo unaonekana vizuri katika bajeti, ambayo wengi hawaisomi ingawa ni ya wazi: Fungu 38 (fungu ni sehemu ya bajeti yenye namba yake) ni la Ngome, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), Fungu 39 ni la Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na Fungu 57 ni la Wizara yenyewe.

JKT, iliyoanzishwa tarehe 10 Julai 1963, inalea vijana, wakati JWTZ iliundwa tarehe 1 Septemba 1964, baada ya maasi ya askari ya Januari mwaka huo kulilazimisha taifa kujenga jeshi jipya. Kwa maoni yangu, kumbukumbu ya maasi hayo inatusaidia kuelewa kwa nini usimamizi wa kiraia unatiliwa mkazo. Ibara ya 147 ya Katiba inakataza mtu yeyote isipokuwa Serikali kuunda jeshi, na inawazuia wanajeshi kujiunga na vyama vya siasa, ingawa haki yao ya kupiga kura inabaki.