Maandishi ya gemu: acha kuhangaika na rangi, weka ukingo

Vijana wanaoanza kutengeneza gemu huniuliza maandishi yawe ya rangi gani. Siku hizi silijibu tena hilo swali. Herufi inasomeka au haisomeki kutokana na kile kilicho ubavuni mwake, na kwenye gemu kilicho ubavuni mwake hakitulii.

Chukua gemu yangu ya baiskeli, maana Tanga bila baiskeli si Tanga. Mchezaji anaanzia Ngamiani, anakatiza shamba la mkonge, anaingia Mapango ya Amboni, kisha anatokea Raskazone baharini (wenyeji, msinihoji kuhusu ramani, hii ni gemu). Ndani ya pango alama za mchezaji (pointi zake) zikiwa nyeupe zinasomeka vizuri mno. Akitoka tu, mbingu ya saa saba mchana iko juu ya maji yanayometa, na alama hazionekani. Ukizifanya nyeusi, ufukweni mambo safi, pangoni hakuna kitu. Balaa lenyewe liko kwenye mkonge: majani marefu yenye ncha, mstari baada ya mstari, na fito za herufi zinajichanganya na fito za majani hata kama rangi hazifanani.

Wengi hukimbilia njano. Mwongozo wa WCAG, uliotungwa ili tovuti zitumike hata na wenye ulemavu lakini unaofaa hata huku kwetu, unataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi na kilicho nyuma yake iwe angalau 4.5 kwa 1, au 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1. Njano kali juu ya nyeupe ni 1.07 kwa 1, yaani sawa na bure. Sababu ni kwamba kanuni ya kupima mwanga inaipa kijani uzito wa 0.7152, nyekundu 0.2126 na bluu 0.0722. Njano ya skrini ni nyekundu na kijani kwa pamoja, kwa hiyo mwanga wake unakaribia kabisa ule wa nyeupe. Kanuni hiyo hiyo inaeleza kwa nini maneno mekundu juu ya nyasi za kijani kali yanaumiza macho: rangi zinapigana, lakini tofauti ya mwanga haifiki hata 3 kwa 1.

Wajanja wanaandika msimbo unaopima mwanga wa nyuma, kisha unachagua nyeusi au nyeupe. Kwa hesabu iko sawa: juu ya rangi yoyote ile, mojawapo ya hizo mbili lazima ivuke 4.5. Ila hesabu hiyo inadhani nyuma kuna rangi moja. Neno “Alama” likiwa nusu juu ya mnazi na nusu juu ya mbingu, wastani wake haumsaidii yeyote. Tena baiskeli ikikimbia, maandishi yanageuka nyeupe, nyeusi, nyeupe, kama taa mbovu. Kuhusu kugeuza rangi kinyume, sipotezi muda: kwa kipimo cha skrini cha 0 hadi 255, kinyume cha kijivu cha 128 ni 127. Haya, kasome.

Ninachoshauri ni ukingo. Herufi nyeupe, imezungushiwa mstari mweusi pande zote. Kwenye giza, weupe ndio unaofanya kazi; kwenye mwanga, weusi unaokoa; na katikati ya vurugu za mkonge ule mstari unaitenga herufi na majani. Godot, programu ya kutengenezea gemu, inayo tayari: nodi ya Label, yaani kipande chake cha kuonyesha maandishi, ina sehemu ya kuweka unene wa ukingo na rangi yake. Ukiwa na Pygame, yaani maktaba ya kutengenezea gemu kwa Python, lichore neno kwa rangi nyeusi mara nane, kila mara ukilisogeza piseli moja au mbili upande wake, kisha lichore jeupe juu. Lihifadhi hilo kama picha moja, na ulichore upya pale tu namba inapobadilika, la sivyo simu ya bei nafuu italemewa bure. Kivuli cha upande mmoja kinapendeza, ila upande wa pili wa herufi unabaki uchi.

Unene nao una kipimo chake. Niliwapa vijana wa barazani waijaribu, mmoja akakinga skrini kwa kiganja na kuniuliza, “Kaka, hii ni sita au nane?” Ukingo ulikuwa umeziba matundu ya namba. Chagua fonti nene yenye matundu mapana, na uachanishe herufi kidogo ili kingo zisikanyagane.

Ukingo unatosha kwa namba na maneno mafupi. Mazungumzo ya wahusika yanahitaji kisanduku. Tazama kanga: mji, yaani sehemu yake ya katikati, una maua ya kila aina, lakini jina limewekewa nafasi yake iliyo tulivu, ndiyo maana unalisoma hata mwenye kanga akiwa anatembea. Kwenye gemu hiyo ni paneli nyeusi inayopitisha mwanga kidogo. Hapa watu hupenda nusu kwa nusu, na nusu haitoshi. Weusi wa asilimia 50 juu ya mbingu nyeupe unaipa herufi nyeupe karibu 4 tu kwa 1. Ukipanda hadi 60 unapata kama 5.7. Mimi huweka 65 na kuendelea na mengine. Upana wa paneli upime kwa Kiswahili chenyewe, kwa sababu “Bonyeza hapa kuendelea” haliingii kwenye kitufe kilichochorwa kwa ajili ya neno la Kiingereza la herufi nne.

Majaribio usiyafanye chumbani mbele ya kompyuta. Piga picha ya skrini, iondoe rangi zote ibaki kijivu, kisha usome. Palipopotea hapo pana tatizo la mwanga. Halafu toka na simu juani mchana, ukiwa umepunguza mwanga wake, maana ndivyo anavyocheza mtu anayebana chaji. Anza na sehemu ya ufukweni. Ikisomeka pale, pango halitakusumbua.