Usitume hiyo dipoziti ya Taveta

Wewe uliyeuliza kuhusu kupeleka mzee wako na wenzake waliostaafu jeshi Salaita na Taveta, simama hapo kwanza. Umesema broka amekuhakikishia jina la ndugu ya babu yako aliyepotea vita vya Mjerumani, vile vya kwanza vya dunia, liko kwenye makaburi ya vita pale Taveta, "majina yote yako pale", na Ijumaa unatuma dipoziti. Usitume. Hayo maneno niliambiwa mimi 2012, na mimi niliyekuwa soja miaka mingi, mtu wa kusoma ramani, nikalipa.

Mzee wangu alikuwa KAR, lile jeshi la Mwingereza la askari Waafrika, akaendelea mpaka ikawa Kenya Rifles. Jina lake alipewa la baba yake mkubwa, ambaye alichukuliwa Kariakor, yaani wapagazi wa jeshi, 1917, ule mwaka walikuwa wanakusanya vijana kila kijiji wakabebe mizigo ya jeshi, akaenda na hakurudi. Mzee alikuwa na kawaida ya kusema amebeba jina la mtu hajui amelala wapi. Sasa mtoto mwenye pesa kidogo ya pensheni akisikia hivyo kwa miaka hamsini, akipata mtu anamwambia "kaburi liko, nitawaonyesha", unafikiri atauliza maswali?

Huyo jamaa aliyeniambia hivyo ndiye alituongoza, na tulikuwa tunamwita gaidi. Nilidhani ni ile ya Kizungu ya kuongoza watalii, kumbe ni ya Kiswahili.

Nikakodi Nissan siku mbili, wazee sita, tukawapitia wengine Machakos. Jumla ilinitoka elfu sitini na mbili na hapo sijahesabu soda. Voi kwenda Taveta siku hizo ilikuwa murram, sasa hivi ni lami utateleza tu, lakini sisi tulifika bleza za wazee zimekuwa rangi ya matofali, medali ndio zinang'aa peke yake. Maktau tukasimama, gaidi akatupa hadithi ya Luteni Dartnell, Mwaustralia aliyekataa kuwaacha majeruhi wake Septemba 1915 akauawa hapo hapo, akapewa Victoria Cross, medali ya juu kabisa ya ushujaa ya Mwingereza. Hadithi tamu, sikatai. Kaburi lake liko Voi na tulikuwa tumelipita asubuhi bila kuambiwa.

Kilima cha Salaita chenyewe ukiwa mbali ni kama kichuguu kikubwa. Hapo ndio wazee walifurahi, lazima niseme ukweli. Wakabishana saa nzima vile Waafrika Kusini walikuja wazi kabisa tarehe 12 Februari 1916, mizinga inapiga kileleni na Mjerumani amechimba mahandaki chini kwa miguu ya kilima. Mzee mmoja aliyekuwa artileri alikasirika kana kwamba yeye ndiye alipewa hiyo kazi akakataliwa.

Halafu tukaenda makaburini Taveta. Mzee alikuwa amebeba karatasi nyeupe na penseli, mtu alimfundisha unaweka karatasi juu ya jiwe unasugua na jina linatoka. Akavaa bereti yake vizuri, akaanza mstari wa kwanza, kidole kwenye kila jiwe, anasoma kwa sauti. Waafrika Kusini kibao. Mstari wa pili. Wa tatu. Mimi nikaanza kujifanya nafunga kamba za viatu. Akarudia kutoka mwanzo ati labda ameruka moja. Hatimaye akamwita gaidi, akamuuliza pole pole, "Kijana, vita hapa viliisha lini?"

Gaidi akajibu kwa furaha kama mtoto amepata swali la mtihani, "Machi 1916 mzee, baada ya vita vya vilima vya Latema na Reata!"

Mzee akakunja ile karatasi, ikiwa nyeupe vile ilikuja. "Baba yangu mkubwa alichukuliwa 1917."

Bana. Elfu sitini na mbili na hakuna mtu kati yetu alikuwa ameweka 1916 na 1917 mahali pamoja. Hao wa 1917 walipelekwa mbali kule kusini, Kilwa, Lindi, Rufiji, na wengi walimalizwa na kuhara na malaria wala sio risasi. Na hata kama angekuwa Taveta, wapagazi hawakuwa wanawekewa jiwe lenye jina, ilikuwa ndio mpango wenyewe. Tume ya makaburi ya Commonwealth ilikubali hadharani 2021 kwamba watu angalau 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina popote. Gaidi alijua hiyo ya mawe, alinikubalia kwenye gari tukirudi! Ati "lakini wateja wanapenda kusikia yapo". Nilimshusha Voi na sijutii.

Kwa hivyo jina na mwaka kwanza, gari baadaye. Ingia tovuti ya hiyo Commonwealth War Graves Commission, kutafuta ni bure, jaribu spelling zote maana karani wa Kizungu aliandika alichosikia. Kama mtu wako ni wa vita vya pili, anzia makaburi ya vita ya Ngong Road hapa hapa Nairobi, na kama alipotelea Burma bila kaburi, angalia Rangoon Memorial, ule mnara wa kumbukumbu kule Burma, huko majina yapo. Ukikosa, mwambie mzee mapema akiwa kwake amekaa kwa kiti chake, sio akiwa amesimama juani na penseli.

Mzee wangu nilimpeleka baadaye Kenyatta Avenue, Jumapili, nauli shilingi mia, kwa zile sanamu tatu za 1928 za kukumbuka Waafrika wa vita hivyo. Mmoja ni mpagazi. Imeandikwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu kwamba ukipigania nchi yako hata ukifa watoto wako watakumbuka jina lako, na jina hapo hakuna hata moja. Mzee akatoa ile karatasi, akaiegemeza kwa jiwe, akaliandika mwenyewe kwa herufi kubwa. Askari wa kanjo akaja mbio kutuuliza tunabandika tangazo la nini.

Hoteli uliyouliza nimesahau inaitwaje, ilikuwa na feni mbovu. Muulize mzee leo huyo babu alichukuliwa mwaka gani, alafu rudi hapa kabla ya Ijumaa.