Sura haijengi bweni

Ndugu, hilo la kusema warembo na waigizaji wakiingia siasani "wanabebwa na sura" silikubali hata kidogo. Mtazame Jokate Mwegelo. Alipanda jukwaa la Miss Tanzania 2006, akaigiza, akatangaza, akaanzisha biashara yake ya Kidoti. Alipoteuliwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe mwaka 2018, akaanzisha Tokomeza Zero, kampeni ya kufuta daraja sifuri katika mitihani ya sekondari, akachangisha fedha hadi ikajengwa sekondari ya wasichana. Hiyo ni kazi, tena ngumu.

Na umaarufu peke yake hautoshi: Wema Sepetu, aliyetwaa taji mwaka uleule wa 2006, aliomba ubunge wa viti maalumu Singida mwaka 2015, kura za maoni za UWT, jumuiya ya wanawake wa CCM, zikamkatalia. Wajumbe wale hawakuangalia sura.