Karatasi Hujibiwa kwa Karatasi

Mwanangu,

Voisi yako ya jana usiku nimeiskiza nikairudia, na ile picha ya samansi uliyonitumia nimeikuza kwa simu mpaka macho yakaniwasha. Waniuliza uchukue mkopo wa sacco uwalipe benki zile 163,000 zote wanazokudai kortini uondokane na hii aibu, ama utafute wakili. Ntakujibu, lakini kwanza niambie, hiyo samansi umeijibu? Manake voisi nzima umeongea aibu, umeongea bosi akijua itakuwaje, umeongea mkeo hajaambiwa, lakini kujibu sijaskia ukikutaja, na hapo ndipo moyo uliponipiga paa.

Wajua msimamo wangu, nimewaimbia wewe na dadako tangu mko wadogo: karatasi hujibiwa kwa karatasi. Mtu akikuletea maneno mpe maneno, lakini akikuletea karatasi ya korti usimpigie simu kumuomba, usimtumie meseji ya "nivumilie boss", usikae kimya. Mwandikie. Na wajua pia kwa nini nasema hivi, ingawa sidhani nishawahi kukusimulia yote, ulikuwa mdogo na baadaye hatukupenda kuyazungumza nyumbani.

Ilikuwa 1998. Tulikuwa tushahamia Changamwe baada ya zile vurugu za Likoni za Agosti 97, na baba yako hoteli ya Diani ilishawarudisha nyumbani kwa sababu wazungu walikoma kuja, hoteli zote kusini huko zilikuwa zafunga moja baada ya nyengine. Sasa kabla ya hayo yote tulikuwa tumechukua friji na sofa seti kwa duka moja la mjini kwa kulipa kila mwezi. Zile sofa za maua ya maruni, wazikumbuka, ndizo ulizomwagia wino. Baba yako alilipa vizuri, kila mshahara ukiingia aenda dukani kabla hata ya kufika nyumbani, na risiti zote atia kwenye mkebe wa Kimbo juu ya kabati. Kazi ilipokatika akasimama kulipa. Hapo si siri.

Majirani walionyamaza kulipa, duka lilikuja na pikapu likachukua vitu vyake tu. Kwetu hawakuja. Mimi nikadhani ni heshima, baba yako alikuwa aheshimika. Kumbe ni sheria, ile ya vitu vya kulipa kidogo kidogo yasema ukishalipa theluthi mbili ya bei, mwenye duka hawezi kuja kubeba kitu chake hivi hivi mpaka aende kortini kwanza. Na sisi tulishapita theluthi mbili kitambo. Kwa hivyo wakaenda kortini, na samansi ikaja, na baba yako akaipokea mwenyewe mlangoni mimi nikiwa sokoni Kongowea, akaikunja akaiweka chini ya ile karatasi ya maua tuliyotandika kwenye droo. Hakuniambia. Hakumwambia mtu.

Aliloniambia baadaye ni kwamba alienda kuongea na mwenye duka, wakanywa chai, mwenye duka akamwambia usijali mzee, ntazungumza na wakili wangu. Basi akaridhika. Alikuwa mtu wa neno, yeye mtu akimwambia sawa kwake ni sawa.

Siku moja asubuhi nashona sare ya shule, akaja mtu amevaa tai, na kitabu cha hadhi kabisa, kwa adabu, akaniambia yeye ni dalali wa mahakama. Hakubeba kitu siku hiyo. Alizunguka nyumba na kalamu yake akiandika: tivii moja nyeusi ya inchi 14, redio kaseti moja, friji, viti, kabati, halafu akanifikia mimi, akainama akasoma namba kwenye cherehani yangu akaiandika. Miguu yangu bado iko kwenye pedeli. Nikamwambia bwana hiyo ni yangu, nilinunua kwa pesa za chama cha kuchangiana, huyu mume wangu hakuijua hata ilipotoka. Akaniambia mama, mimi naandika, wewe una siku saba.

Siku saba baba yako alizitumia kwenda kuongea na mwenye duka tena.

Wakaja na lori. Vitanda na masufuria hawakugusa, sheria yawakataza kuchukua vitanda na vyombo vya kupikia na nguo za watu, hilo nalo nimelijua baadaye. Cherehani walibeba watu wawili, na uzi wa bluu ulikuwa bado umo kwenye sindano, ukawa wakunjuka mpaka barazani. Wewe ulisimama pale na yunifomu ukaniuliza nani atamaliza sare ya yule mtoto wa mwalimu.

Nikaona siwezi kukaa. Nikachukua mkebe wa Kimbo nikaenda kortini Mombasa, sijui naenda kwa nani, nikapata karani mmoja mama mtu mzima. Akafungua faili. Akaniuliza, mama, mbona hamkujibu? Akanionyesha, ukurasa wa kwanza madai ya duka, wa pili kiapo cha mtu aliyeleta samansi, wa tatu hukumu. Sisi hatumo. Hakimu hakutukataa wala hakutuonea, hakuskia chochote kutoka kwetu akaandika alichoambiwa. Duka lilikuwa lasema twadaiwa 31,000. Yule mama akamwaga risiti mezani akazipanga kwa tarehe, akazijumlisha kwa kalamu nyuma ya bahasha kuukuu. Duka halikuhesabu malipo ya miezi mingi ya mwisho. Tulikuwa twadaiwa 6,400.

Elfu sita na mia nne. Cherehani peke yake ilikuwa zaidi ya hiyo.

Akaniambia mngeweza kuomba hukumu itenguliwe, na cherehani mimi kama mke ningeweza kupeleka pingamizi kwamba si mali ya mdaiwa, lakini mnada ulikuwa ushapita. Nikarudi nyumbani na mkebe wangu.

Sasa wengine, shangazi yako wa Kilifi hasa, husema baba yako alituponza. Mimi sisemi hivyo. Aliona haya, na mwanamume aliyepoteza kazi kwa jambo ambalo si lake, akaletewa samansi mlangoni kwake mchana watoto wa mtaa wakitazama, utamlaumu vipi? Lakini pia risiti si alikuwa nazo? Si yeye mwenyewe ndiye aliyezitunza, moja moja, kwa mwaka na zaidi? Mtu anayetunza risiti vile ni mtu anayejua kuna siku zitatakiwa, na siku imefika akaziacha kwenye mkebe akaenda kunywa chai. Hapana, wacha. Mungu amrehemu. Nataka kusema na sitosema.

Turudi kwako. Binti wa hapa jirani anasomea sheria chuo kikuu, nikamuonyesha picha zako (usinikasirikie, ni mtoto msiri), akanieleza pole pole nikaandika. Hiyo kesi yako iko Mahakama ya Madai Madogo, hii iliyowekwa na sheria ya 2016 na ikaanza kazi 2021, ya madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Wana haraka hao, kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60, kwa hivyo usidhani itakaa miaka kama zile za mashamba za mjombako. Wewe una siku 15 tangu ulipopelekewa samansi uwe ushapeleka jibu lako. Na usijidanganye eti kwa vile imekuja kwa WhatsApp si samansi ya kweli, tangu 2020 korti yaruhusu mtu kuletewa samansi kwa WhatsApp au imeli. Siku 15 zikipita umenyamaza, wataomba hukumu wapewe, na utaanza kuhangaika kuomba itenguliwe, jambo ambalo lawezekana lakini ni kuomba, si haki yako tena moja kwa moja.

Kwenye jibu hulazimiki kusema ndiyo yote au hapana yote, na hapa ndipo nataka uniskize sana. Waweza kukubali sehemu na kukataa sehemu. Wewe mwenyewe kwa voisi wasema mkopo ulikuwa 90,000, ukalipa kwa M-Pesa mpaka kazi ya kwanza ilipoisha, ikabaki 47,000 ya mtaji, yaani pesa yenyewe uliyokopa bila riba. Sasa 163,000 imetoka wapi? Huyu binti aliniambia kwamba tangu 2007 sheria ya benki, kifungu cha 44A, yasema mkopo ukishakwama, benki haiwezi kudai riba inayozidi mtaji uliokuwa umebaki siku ulipokwama. Yaani 47,000 ya mtaji na riba isizidi 47,000 nyengine, jumla 94,000, na juu yake gharama za kudai, ambazo wazionyeshe. Kama hesabu yako ya 47,000 ni ya kweli, hao wamepitisha. Na kama si ya kweli ni wewe ndiye utajua, ndio maana nataka stetimenti si kumbukumbu. Toa stetimenti ya M-Pesa ya miaka yote hiyo, toa ile fomu ya mkopo uliyosaini, andika malipo yako kwa tarehe, utie kwenye jibu. Halafu sema wazi: hii nakubali, hii nakataa kwa sababu hii, na hii niliyokubali naomba nilipe kwa mwezi kiasi fulani. Kiasi utakachoweza kweli, usiandike pesa ya kujionyesha.

Kufungwa usikuogope kiasi hicho. Mtu hapelekwi jela ya deni kwa kuwa hana, lazima kwanza aitwe ajieleze, na lazima ionekane ana uwezo na amekataa kulipa ama ataka kutoroka. Anayefika hapo mara nyingi ni yule ambaye kila karatasi ikija ageuza uso.

Swali lako la wakili. Korti hii imewekwa ili mtu aweze kujisimamia, hawashikilii sana zile kanuni ngumu za ushahidi, na Kiswahili waongea. Ukiwa na pesa ya wakili mtafute, sitakuzuia. Ila hata ukimpata, risiti ni zako, tarehe ni zako, usimuachie yeye akajibu peke yake ukadhani umemaliza.

Na sacco. Hapa nafunga mdomo kwa mikono miwili, mwanangu. Wewe ni mtu mzima una nyumba yako. Kukopa kwa riba kulipa deni ambalo karibu nusu yake huenda hudaiwi, na wadhamini wako ni wenzako wa kazini, mimi nina maneno mengi sana ya kusema hapo. Pengine wewe waona usingizi wako una bei, na mimi niliyelala bila usingizi mwaka ule mzima wa 98 siwezi kukwambia usingizi hauna bei. Kwa hivyo siamui. Lakini ningekuwa mimi, na sikwambii ufanye, ningejibu kwanza, nione korti yasema nini, ndio nifikirie sacco.

Mkeo mwambie leo. Hilo siulizi.

Kisha nitumie tena ile picha ya ukurasa wa kwanza, iliyokuja imekatika pembeni pale penye tarehe, nasoma "Juni" na siku haionekani. Na unambie ile meseji ya WhatsApp iliingia siku gani hasa, usikadirie, fungua simu utazame, manake huyu binti yuko hapa mpaka Jumapili halafu arudi chuo, na nataka tuhesabu siku zako naye akiwa bado hapa.

Mamako