Kubadilisha euro Prague: hiyo "kamisheni sifuri" ndiyo inayokula bajeti yako

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwanafunzi hapa Dresden, natokea Mwanza. Mwezi ujao naenda Prague kwa treni, siku tatu. Hosteli nimeshalipia, nimebakiwa na euro 200 za kutumia. Nimeambiwa kule hawatumii euro. Kwenye kundi letu la WhatsApp mmoja ananiambia nichenji zote kwenye duka lenye bango la kamisheni asilimia 0. Mwingine anasema kuna watu wa mtaani wanaotoa bei nzuri kuliko maduka. Wa tatu anasema nitumie kadi ya benki yangu ya Ujerumani, ila mashine ikiuliza nichague kukatwa kwa euro ili nijue nimetumia kiasi gani. Nimfuate nani? Na euro 200 zitanitosha?

JIBU: Marahaba mwanangu. Zitatosha, tena bila kujibana sana, kwa sharti kwamba usimfuate hata mmoja kati ya hao watatu. Kazi yangu ni kuwapangia watu wetu safari za miji ya Ulaya ya kati, na maswali haya matatu huniijia karibu kila wiki, mara nyingi kutoka kwa mtu ambaye ameshapigwa tayari. Inauma, kwa sababu wanaopigwa ni wale wale waliojinyima miezi kadhaa ili waone mji wenye daraja la tangu 1357 na saa ya ukutani ya tangu 1410.

Nianze na hiyo kamisheni, maana ndiyo imani iliyoshika mizizi kuliko zote. Watu wanaamini duka la fedha linapata faida kwenye kamisheni, kwa hiyo kamisheni ikiwa sifuri, duka halijachukua kitu. Si kweli. Duka linapata faida kwenye tofauti kati ya bei linayonunulia euro yako na thamani yake sokoni, na tofauti hiyo linaipanga lenyewe. Linaweza kukuondolea kamisheni yote na bado likakukata robo ya fedha zako bila kusema uongo hata neno moja.

Chukua hesabu yako mwenyewe. Tuseme siku hiyo euro moja ni koruna 25 (koruna ndiyo fedha ya Cheki, nchi ya Prague). Benki kuu yao, Česká národní banka, hutangaza kiwango kila siku ya kazi, kwa hiyo utakiona kwenye simu kabla hujapanda treni. Euro 200 zako zina thamani ya koruna 5,000. Duka la pembeni mwa uwanja wa mji mkongwe, lenye bango la asilimia 0, likinunua euro kwa koruna 20, utatoka na 4,000. Koruna 1,000 zimekwenda, yaani euro 40, moja ya tano ya safari yako. Duka la mtaa wa pili, lisilo na bango lolote la kujisifu, likinunua kwa 24.60 utatoka na 4,920. Ndiyo maana nasema neno kamisheni ulisahau kabisa.

Kuna na mchezo wa ubao. Kiwango kilichoandikwa kwa tarakimu kubwa, kinachoonekana kutoka ng'ambo ya barabara, huenda kikawa bei ambayo duka linauza euro, si bei ambayo linanunua. Wewe unakwenda kuuza euro, lakini jicho linakimbilia kwenye 25 iliyokolezwa rangi. Bei inayokuhusu ipo chini au pembeni kwa maandishi madogo. Au inaweza kubadilika kwa kiasi: kiwango kizuri ni cha anayebadilisha fedha nyingi sana, na wewe mwenye euro 50 unapewa kingine.

Dawa yake ni swali moja, ulize kabla noti haijapita chini ya kioo: "Nikikupa euro 100, unanipa koruna ngapi mkononi?" Mwambie aandike kwenye karatasi au akuoneshe kwenye kikokotoo. Gawa kwa 100, linganisha na kiwango cha benki kuu. Ukiona pengo la zaidi ya asilimia mbili au tatu, asante, unaondoka. Anayekataa kutaja jumla mpaka kwanza umpe hela ameshakujibu.

Hapa pia kuna haki ambayo watu wetu wengi hawaijui. Tangu tarehe 1 Aprili 2019 sheria ya Cheki inampa mteja saa tatu za kutengua ubadilishaji wa fedha taslimu usiozidi thamani ya euro 1,000. Huhitaji kutoa sababu. Unarudi duka lile lile na risiti, unarudisha koruna ulizopewa, wanakurudishia euro zako. Watu wanaikosa haki hii kwa mambo mawili: hawachukui risiti, au wanaanza kuzitumia zile koruna kabla ya kupiga hesabu. Kwa hiyo hesabu ipigwe pale pale nje ya mlango. Wakikugomea, waambie wazi kwamba maduka hayo yanasimamiwa na benki kuu na kwamba utapeleka malalamiko huko.

Sasa huyo wa pili, wa watu wa mtaani. Mwanangu, hapa sitabembeleza. Anayekufuata stesheni au barabarani akikunong'oneza kiwango kitamu kuliko cha benki hafanyi biashara ya fedha, na kubadilisha fedha mtaani bila kibali ni kinyume cha sheria. Anachofanya ni kukuhesabia noti haraka haraka, mwenzake akitokea kusema polisi wanakuja, na ukifungua mkono unakuta noti za nchi nyingine. Wametumia sana rubli za zamani za Belarus, zilizoondolewa kwenye matumizi mwaka 2016, na forinti za Hungaria, ambazo 1,000 yake haifiki hata euro tatu wakati 1,000 ya koruna ni kama euro 40. Huna risiti, huna duka la kurudi, zile saa tatu hazikuhusu. Na anayekupendekezea mtu wa namna hiyo kwenye kundi muulize swali dogo tu: yeye alichenji kwake lini, na kiasi gani? Utaona kimya.

Hata kama huchenji mtaani, zijue noti zenyewe, maana chenji nayo huja na makosa. Koruna halisi zimeandikwa KORUN ČESKÝCH na zina sura ya mtu. Ya 100 ina mfalme Karel wa Nne, yule aliyeanzisha chuo kikuu cha Prague mwaka 1348, na ambaye daraja utakalolipiga picha lina jina lake. Ya 200 ina mwalimu Komenský, ya 500 ina mwandishi Božena Němcová, ya 1,000 ina mwanahistoria Palacký. Dakika mbili za kuziangalia kwenye tovuti ya benki kuu zinatosha.

Nabaki na wa tatu, na huyu ndiye ananisumbua zaidi, kwa sababu anaongea kama mtu mwangalifu. "Chagua euro ili ujue umekatwa kiasi gani." Ndiyo, utajua. Utajua kwamba umekatwa zaidi. Mashine ya ATM au ya kulipia hotelini ikikuuliza kama unataka kukatwa kwa fedha ya kadi yako, haikufanyii hisani. Inaomba ruhusa ya kufanya ubadilishaji yenyewe, kwa kiwango ilichojipangia, badala ya kuiachia benki yako na mtandao wa kadi wafanye. Nyongeza yake mara nyingine hupita asilimia kumi. Ukitoa koruna 3,000 kwa kiwango cha 25, zilipaswa kuwa euro 120. Ukikubali ubadilishaji wenye nyongeza ya asilimia 12, unakatwa euro 134 na senti 40. Euro 14 hizo ni milo miwili ya mchana, umemgawia mwenye mashine kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Skrini yenyewe imepangwa ili ubonyeze vibaya. Kukubali kuna rangi ya kijani na maneno ya kutuliza moyo, kukataa kuna rangi ya kufifia na maneno yanayofanana na kusitisha muamala. Watu wanaogopa kwamba wakibonyeza Decline hela hazitatoka. Zinatoka. Unachokataa ni ubadilishaji tu, muamala unaendelea kwa koruna. Na kwa kuwa kadi yako ni ya euro, kanuni ya Umoja wa Ulaya inayotumika tangu Aprili 2020 inailazimisha mashine ikuoneshe ni asilimia ngapi imeongeza juu ya kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya. Ipo hapo kwenye skrini. Isome.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya kusafiri, geuza kadi yako uangalie kama ina alama ya Visa au Mastercard. Girocard tupu, yaani kadi ya malipo ya ndani ya Ujerumani isiyo na alama ya mtandao wa kimataifa, inafanya kazi vizuri kabisa Dresden na ikifika Prague inakuwa plastiki. Angalia pia kwenye masharti ya benki yako ada ya matumizi ya fedha za kigeni. Kuna benki zinazokata asilimia moja au mbili, kuna zisizokata kitu. Hata hiyo asilimia mbili ni nafuu kuliko lile duka la koruna 20 au ile nyongeza ya mashine. Lipa kwa kadi popote inapopokelewa, kwa koruna siku zote, na taslimu toa mara moja tu kwenye ATM iliyo kwenye ukuta wa tawi la benki, si zile zilizosimama peke yake kwenye vichochoro vya watalii. Hata za benki zinaweza kuuliza lile swali, na zinaweza kuwa na ada yake, ndiyo maana nasema mara moja. Toa 1,900 badala ya 2,000, ili usije ukapewa noti moja kubwa ambayo muuza mkate hana chenji yake.

Mengine ya mji wenyewe nitayapitia haraka. Daraja la Karel ni bure, na alfajiri linapendeza kuliko saa nyingine yoyote. Viwanja vya kasri juu kilimani unaingia bure, unalipia majengo ya ndani. Vyšehrad, ngome ya kale, nako kuzunguka ni bure, kuna makaburi ya watunzi wa muziki Dvořák na Smetana, na wenyeji huenda kupumzika. Mchana wa siku za kazi kula kwenye mgahawa wenye ubao wa polední menu, yaani menyu ya mchana, mtaa mmoja au miwili nje ya njia ya watalii: hicho ndicho chakula cha wafanyakazi wa pale, na bei yake si ya mtalii. Kwenye vibanda vya uwanja wa mji mkongwe, ile nyama ya nguruwe inayochomwa mbele ya macho yako, kama unaila, bei iliyoandikwa ni ya gramu 100. Muuzaji anakata kipande, anakiweka kwenye mizani, kumbe ni gramu 300 na ushei. Taja gramu unazotaka kabla kisu hakijashuka. Ile keki ya kuzungushwa kwenye fimbo, trdelník, wanaiuza kama urithi wa kale wa Prague na si kweli. Kula kama unapenda sukari, si kwa sababu ya historia. Kodi ya jiji ni koruna 50 kwa usiku kwa mtu, uliza hosteli kama umeshailipa. Tiketi ya karatasi igonge kwenye kimashine cha njano unapoanza safari, kwa sababu wakaguzi mara nyingi hawavai sare. Beba pasipoti pamoja na kadi ya ukaazi: tangu Septemba 2024 Ujerumani inakagua mipaka yake yote ya nchi kavu, na polisi wanapanda treni hiyo ya kurudi Dresden.

Niliyoyasema kuhusu mashine hayaishii Prague, na hapa naongea na wote wanaosoma. Utakwenda Budapest, utakutana na swali lile lile. Utakwenda Istanbul, vivyo hivyo. Na utakaporudi nyumbani likizo na kadi ya Ujerumani, ukaitumia hoteli ya Zanzibar au supamaketi ya Nairobi, kimashine kitakuuliza ukatwe shilingi au euro. Mfanyakazi wa kaunta mara nyingi hakuulizi kabisa, anakubonyezea euro akidhani anakusaidia. Jibu ni lile lile: fedha ya nchi uliyosimama, daima.

Nimechoka na hawa wanaojiita wataalamu wa safari za bei chee, wanaorekodi video wakiwa wameshika bahasha ya noti na kuahidi siri ambayo mabenki hawataki uijue. Hakuna siri. Kuna wanaolipwa kukupeleka kwenye duka fulani, na kuna wanaorudia walichosikia bila kupiga hesabu hata siku moja. Mtu akikupa ushauri wa fedha, mwombe risiti. Siyo stori, risiti: aliingiza euro ngapi, alipata koruna ngapi, tarehe gani. Mwenye risiti msikilize hata kama ni mtoto.

Na mhudumu wa mgahawa akikuletea kimashine ambacho tayari kinaonesha euro, usiweke pini. Mwambie afute, aanze upya kwa koruna. Kama umeshaweka na karatasi imetoka, mwombe atengue malipo pale pale kabla hujainuka mezani, na karatasi zote mbili uondoke nazo.